Hatua Sita za Kitione

Mume wangu Taniela alikuwa mchora mabango. Kwa miaka thelathini na moja alipaka majina ya maduka hapa Fiji, kuanzia Nausori hadi Lami, kwa mkono wake, kwa brashi alizozitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ukipita Nabua hadi leo utaona duka la nyama lenye ng'ombe mwekundu anayetabasamu. Ni wake yule. Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na kazi ikapungua mpaka ikabaki ya makanisa na makaburi tu.

Kitione, mtoto wetu wa mwisho, alirithi jicho la baba yake lakini hakurithi brashi. Alisoma chuo cha ufundi akawa mtengenezaji wa kurasa za tovuti, ile sehemu ya mbele ambayo mtu huiona na kuibonyeza. Siku ya kwanza aliyotueleza sikuelewa kitu, akatafuta namna nyingine.

"Mama, wapo wanaojenga stoo na jiko la duka. Mimi ni yule anayetengeneza mbele, mteja ajue mlango uko wapi."

"Basi wewe ni mchora mabango," Taniela akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Bila ngazi."

"Bila ngazi."

"Afadhali. Ngazi ndiyo iliyoniharibia goti."

Toka siku ile Taniela hakumwuliza tena mtoto anafanya nini mbele ya kompyuta kutwa nzima. Akiulizwa na watu wa kanisani alijibu, "Anapaka."

Mbele ya Kitione zilikuwepo njia mbili, na mimi nilijua zote mbili zinaishia wapi. Ya kwanza ilikuwa kupata kazi aliyoisomea hapa hapa Suva, aendelee kulala chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Nadera. Ya pili ilikuwa orodha ya Sakiusa. Sakiusa ni kaka mkubwa wa Taniela na ndiye mkuu wa kijiji chetu cha Navunisea. Yeye ndiye anayeandika majina ya vijana wanaokwenda Queensland, Australia, kwenye kiwanda cha nyama, kwa mkataba wa miaka minne. Wanangu wawili wa kwanza walishaondoka zamani, mmoja yuko Auckland na mwingine yuko machimboni Australia Magharibi. Wote wawili waliniambia ni kwa muda tu.

Kwa hiyo nilifunga na kuomba kila Jumatano pamoja na akina mama wa kanisa. Ombi langu lilikuwa fupi: huyu mmoja abaki.

Kitione alianza kutuma maombi mwezi wa tisa mwaka jana. Kila tangazo lilimtaka apeleke wasifu wake, na akishaupeleka lilimtaka auandike upya wote, neno kwa neno, ndani ya visanduku. Tangazo moja lilisema kazi ni ya wanaoanza, kisha likadai uzoefu wa miaka mitano. Jingine lilimjibu baada ya dakika nne. Barua ilisema: baada ya kutafakari kwa makini, tumeamua kutoendelea nawe.

"Dakika nne!" nikamwambia. "Mimi hutafakari zaidi ya hapo nikichagua magimbi sokoni."

"Ni mashine, Mama. Hakuna mtu aliyesoma."

"Basi nani ametafakari?"

Akafungua tangazo jingine. Alituma maombi sitini na tatu. Waliojibu walikuwa kumi na mmoja, na katika hao waliotaka kumsikia ni wawili. Mmoja wa hao wawili alimwita mara tatu, kisha akanyamaza kabisa. Hakusema ndiyo wala hapana, mpaka leo.

Aliyebaki ni kampuni moja yenye ofisi hapa Suva na makao makuu Melbourne. Sitaitaja jina. Walisema usaili wao una hatua sita.

Hatua ya kwanza ilikuwa fomu. Ya pili ilikuwa kuhojiwa na mashine. Swali linatokea kwenye kioo, unapewa nusu dakika ya kuwaza, halafu unaongea na sura yako mwenyewe huku saa ikihesabu kurudi nyuma. Kitione alivaa shati la kanisani akakaa mezani. Mimi nilikuwa mlangoni na jirani yetu Vimla, aliyekuwa ameleta roti.

Swali la kwanza likatokea: je, uko tayari kufanya kazi katika ofisi ya Suva?

Kitione akainua nyusi, kama sisi sote tunavyosema ndiyo. Akatulia. Saa ikawa inahesabu.

"Mwanangu, jibu," nikanong'ona.

"Nimeshajibu."

"Mashine haijui nyusi, we kijana!" Vimla akapaza sauti. "Fungua mdomo!"

Akasema "Ndiyo" zikiwa zimebaki sekunde mbili. Vimla alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Kitione naye alicheka, lakini baadaye nilimwona anasimama mbele ya kioo cha bafuni akijifunza kusema ndiyo kwa sauti.

Akapita. Hatua ya tatu ilikuja mwezi wa tano, wiki ambayo Taniela alikuwa amelazwa na mapafu yake. Walimpa Kitione kazi ya kufanya nyumbani: atengeneze ukurasa wa kukata tiketi za boti za watalii. Walisema itachukua saa nne. Ilichukua siku tano. Aliifanyia wodini, kompyuta mapajani, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha baba yake.

Siku ya mwisho aliigeuza kompyuta ili Taniela aone. Taniela alikuwa na mpira wa hewa puani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hicho kitufe kimebanwa," akasema. "Kipe hewa."

Kitione akakisogeza.

"Bado."

Akakisogeza tena.

"Hapo."

Aliituma kazi hiyo Jumatano. Alhamisi asubuhi Taniela akatutoka. Namshukuru Mungu kwamba hakuteseka sana, ingawa kushukuru huko bado kunanishinda siku nyingine.

Majibu ya ile kazi yalikuja tukiwa katika mkusanyiko wa siku ya nne ya msiba, nyumba imejaa mikeka na watu. Kitione alinifuata katikati ya akina mama, akachuchumaa, akanisomea kwa sauti ya chini. Aliyeikagua ameandika kwamba ukurasa umetulia na vitufe vina nafasi ya kupumua. Nikalia. Akina mama walidhani namlilia Taniela, na walidhani sawasawa.

Siku hiyo hiyo kila mtu alitaja anachokiacha mpaka siku ya mia, kama ilivyo desturi yetu ya kumlilia marehemu. Mimi niliacha sukari. Kitione alisema hatakata nywele wala ndevu.

"Na usaili je?" nikamwuliza pembeni.

"Watanipima akili, Mama. Si nywele."

Hatua ya nne ilikuwa fumbo. Alipewa dakika arobaini na tano, mtu asiyemwona anamtazama akiandika, na hakuruhusiwa kufungua kitabu wala kuuliza. Alitakiwa aupindue mti.

"Mti gani?"

"Mti wa namba, Mama. Wa kwenye kompyuta. Matawi ya kulia yaende kushoto."

"Na ukishaupindua, mwenye duka anapata nini?"

"Hapati kitu."

"Wewe katika kazi yako utaupindua lini?"

"Sitaupindua hata siku moja."

"Basi kwa nini?"

"Ndivyo kampuni kubwa za Marekani zinavyofanya. Na hawa wanafanya hivyo hivyo."

Aliupindua. Hatua ya tano ilikuwa maswali tisini ya kujua tabia. Je, unapenda kuongoza au kufuata? Chagua moja. Aliniuliza nami nikashindwa, maana kanisani kwetu aliyeongoza ibada asubuhi ndiye anayeosha vyombo mchana. Kati ya hatua na hatua waliahidi jibu ndani ya siku tano za kazi. Mara moja zilikuwa ishirini na nne. Nilikuwa nahesabu kwenye kalenda ya kanisa, na kwenye kalenda hiyo hiyo nilikuwa nahesabu siku za Taniela.

Mwezi wa nane ulipoingia, Sakiusa akaja kunywa chai.

"Shemeji, orodha naifunga Ijumaa tarehe kumi na nne, saa sita mchana. Nimemshikia Kitione nafasi tangu msibani."

"Hatua ya mwisho ni Jumanne, shemeji. Tarehe kumi na moja."

"Watajibu kabla ya Ijumaa?"

"Wamesema siku tano za kazi."

Sakiusa akahesabu kwa vidole, akanitazama, akanywa chai yake. Hakuna haja ya kuandika alichokiona.

Jumanne ikafika. Hatua ya sita ilikuwa mbele ya jopo, kwa video. Kitione alikaa mezani na shati lake la kanisani, nywele zimesimama kama kichaka, ndevu zimejaa mashavuni. Mimi nilikaa chini jikoni, upande ambao kamera haifiki, nikamenya mihogo bila kutoa sauti. Nilikuwa naona kioo chote.

Walikuwa watatu. Bi. Kerryn wa idara ya wafanyakazi alikuwa Melbourne. Fundi mmoja alitaja jina lake kisha akazima kamera, sikumwona sura. Wa tatu alikuwa mkuu wa ofisi ya Suva, Bwana Manasa, mtu mnene wa miwani aliyekuwa ameinamia karatasi. Pembeni ya kioo mashine ilikuwa inaandika kila neno linalosemwa.

"Karibu, Kitione," Bi. Kerryn akasema. "Anza kwa kujitambulisha."

Kitione akajitambulisha kama alivyolelewa. "Mimi ni Kitione. Baba yangu ni wa Navunisea, mama yangu ni wa Rewa."

Bwana Manasa akainua kichwa. "Navunisea?"

"Ndiyo, bwana."

"Navunisea ya pweza?"

Kisu changu kikasimama kwenye muhogo.

"Mimi ni wa Vunikura," Bwana Manasa akasema, na uso wake wote ukabadilika.

Vunikura na Navunisea ni watani tangu enzi za mababu; mnyama wa kijiji chetu ni pweza, wa kwao ni mkunga. Mtu wa Vunikura akikutana na mtu wa Navunisea, iwe kanisani, iwe mbele ya waziri, lazima amchokoze, na mwenzake lazima arudishe. Asiyerudisha amewakana waliomzaa. Nikasema moyoni, Ee Bwana, leo hapana. Leo uzibe mdomo wa mtu huyu.

"Bi. Kerryn, hesabu kalamu zako!" Bwana Manasa akasema. "Hawa wana mikono minane, na yote inaiba."

Bi. Kerryn akatabasamu kidogo. Kitione alinyamaza. Akainyoosha kola ya shati.

"Na hicho kichwani ni nini? Pweza mwenyewe amepanda juu anaanika mikono?"

Kitione akatazama kamera. Nadhani alizihesabu hatua zote tano katika sekunde ile. Kisha akavuta pumzi.

"Bwana Manasa, mtu wa Vunikura kuwa na ofisi yenye mlango, hiyo ni habari ya gazetini. Nilidhani bado mko matopeni na mikunga yenu, mnatoka mkisikia harufu ya karamu ya watu."

"Ee!" Bwana Manasa akapiga meza. "Ana ulimi! Nguruwe wa babu yangu mliyemchukua siku ya harusi yuko wapi?"

"Tulimla. Alikuwa mkavu kama mwenyewe."

"Ungekuwa karibu ningekutia kwenye tanuri na magimbi!"

"Nani angewasha moto? Vunikura mnakula mikunga mibichi."

Bwana Manasa alicheka mpaka akavua miwani. Pembeni, mashine iliandika: ningekutia kwenye tanuri na magimbi.

"Samahani," Bi. Kerryn akasema. "Je, mnafahamiana?"

"Hapana," akajibu Bwana Manasa. "Ndiyo kwanza namwona leo."

"Lakini umesema walimwiba nguruwe wa babu yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni ndugu yako?"

"Zaidi ya ndugu."

Bi. Kerryn akaandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu.

Bwana Manasa akajifuta macho. "Haya mtani, sasa niambie kweli. Hizo nywele?"

"Ni za Baba. Siku ya mia ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Kicheko kikakatika. "Baba yako nani?"

"Taniela. Mchora mabango."

"Taniela aliyepaka duka la mzee wangu pale Nabua? Yule ng'ombe?"

Kitione akainua nyusi.

"Taniela ameondoka na sisi Vunikura hatukuja kumlilia?"

"Ilitangazwa redioni, bwana."

"Nilikuwa Melbourne," Bwana Manasa akasema. "Nilikuwa Melbourne kwenye mafunzo ya kusaili watu." Akainama, akapiga makofi mazito ya heshima kwa viganja vilivyokunjwa, polepole, mara tatu. Kitione naye akapiga. Bi. Kerryn akawa anawatazama watu wawili waliotoka kutishiana tanuri, sasa wanapigiana makofi na machozi yanawatoka.

Baada ya hapo usaili ulikwenda vizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Fundi asiye na sura aliuliza juu ya ule ukurasa wa boti, Kitione akamweleza kwa nini kila kitu kiko mahali pake, na yule fundi akasema mara mbili, "Hasa." Walipoagana nilikuwa nimemenya mihogo ya kulisha kwaya nzima.

Alhamisi ikaja barua pepe. Usaili umesimamishwa kupisha mapitio ya mwenendo wa kikao. Tafadhali usiwasiliane na mjumbe yeyote wa jopo. Tunathamini uvumilivu wako.

Uvumilivu! Tangu aanze kuomba kazi inakaribia miezi kumi na miwili, halafu wanauthamini.

Ijumaa saa tano na nusu Sakiusa akafika na karatasi yake ndani ya bahasha ya plastiki.

"Shemeji, mpe mpaka Jumatatu," nikamwambia.

"Nimempa tangu mwezi wa tano."

"Wao ndio wamechelewa. Yeye kila kitu alipeleka kwa wakati."

"Najua. Lakini kiwanda hakisubiri barua pepe. Kuna vijana kumi na wanne wanaingojea nafasi hii, na mama zao nao wanafunga kuomba kama wewe."

Hilo sikuwa nimelifikiria, na lilinichoma.

"Nipe kalamu, Baba mkubwa," Kitione akasema. Akatia sahihi. Hata sahihi yake alivyoiweka, katikati kabisa ya mstari, ilikuwa ya Taniela.

Sakiusa alipoondoka sikujizuia. "Kwa nini hukunyamaza? Ungecheka tu, ungesema asante bwana, ungeendelea na usaili wako!"

"Nilitaka kunyamaza."

"Basi?"

"Mama, nywele hizi ni za Baba. Nizivae halafu nijifanye simjui mtu wa Vunikura? Ningekuwa mtoto wa nani?"

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nilimwambia Mungu maneno ambayo mke wa marehemu na mama wa kanisa hapaswi kuyasema. Nilimwambia: nilikuomba umfungulie mlango, sikusema mlango wa ndege.

Siku ya mia ilikuwa Jumamosi, jua kali. Tanuri la ardhini lilifunguliwa saa tano. Kabla ya sala ya chakula tukasikia kelele langoni, watu kumi na wawili wa Vunikura wameingia wakiongozwa na Bwana Manasa ndani ya sulu nyeusi, ile shuka ya heshima ya kujifunga kiunoni. Hawakubisha hodi. Mmoja alinyakua kichwa cha nguruwe akakimbia nacho. Bwana Manasa akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Taniela, akaketi, akavaa na kofia yake yenye madoa ya rangi iliyokuwa imening'inia pale.

"Nani anapika hapa?" akafoka. "Magimbi yamekuwa mawe! Navunisea mtawaua wageni!"

"Mgeni gani anachelewa siku mia?" Sakiusa akamjibu. "Au mlikuwa mnatembea kwa matumbo kama mikunga yenu?"

Wanawake wakacheka. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, na nikaona vibaya kisha nikaona si vibaya.

Halafu Bwana Manasa akavua kofia, akapiga magoti mkekani, akatoa kwa mikono miwili jino la nyangumi, ambalo kwetu ndilo zawadi ya kuombea radhi. Aliongea taratibu. Alimlilia Taniela, akaomba radhi kwa kuchelewa. Mwisho akasema ana kosa la pili, kwa mtoto. Kaka yangu, mjomba wake Kitione, akachukua mkasi akaanza kumkata nywele, na hata pale Bwana Manasa hakuweza kujizuia: "Taratibu mjomba, usimkate pweza mkono!" Nywele zikaanguka kwenye mkeka. Ukatokea uso wa Taniela wa miaka thelathini iliyopita, na ilinibidi nigeukie jikoni.

Bwana Manasa alinikuta kule nimeshika sinia.

"Mama, nimekatazwa kuwasiliana na mwombaji. Lakini wewe si mwombaji."

"Wameamua nini?"

"Wameniondoa kwenye jopo. Makao makuu walisoma yale yaliyoandikwa na mashine. Waliniletea fomu: mjumbe ana undugu na mwombaji? Ndiyo, hapana. Nikaandika pembeni: si ndugu, ni mtani, angenyamaza nisingemwamini. Wakasema pembeni hapaandikwi."

"Na Kitione?"

"Hawana neno baya juu yake. Wamesema, kwa haki ya wote, usaili wake uanze upya na jopo jipya."

"Upya kutoka wapi?"

Akatazama miguu yake. "Hatua ya kwanza."

"Ile fomu?"

"Ile fomu."

"Na mashine?"

"Na mashine."

"Na kuupindua mti? Alishaupindua! Au umejirudisha wenyewe?"

Akaipangusa sulu yake. Alikuwa mtu mzima, mkuu wa ofisi, amesimama jikoni kwangu na nywele za mwanangu zimemganda kwenye sulu. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Mtani hakasirikiwi msibani, na yeye kwa upande wake alifanya alichopaswa kufanya. Bi. Kerryn naye alifanya alichopaswa. Sakiusa pia. Kila mtu alifuata utaratibu wake, na mwanangu akaangukia katikati. Nikamwekea Bwana Manasa magimbi kwenye sahani.

"Hayajawa mawe?" nikamwuliza.

"Ni matamu, Mama," akasema. Nilijua amehuzunika kweli, maana huo si utani.

Kabla ya kuondoka, Kitione alitoa lile kopo la brashi. Alikwenda makaburini na rangi nyeusi akaandika jina la baba yake kwa mkono, herufi moja moja, kutwa nzima. Nilisimama nyuma yake na mwavuli. Alipofika katikati akauliza bila kugeuka, "Zimebanwa?" Mimi sina jicho lao. Nikatazama tu pale jiwe lilipokuwa tupu, nikamwambia, "Ya mwisho ipe hewa." Akaifuta kwa kitambaa, akaipaka mbali kidogo.

Alipanda ndege mwezi wa tisa, mwaka mmoja kamili tangu ombi lake la kwanza. Huko Queensland anakata mabega ya ng'ombe akiwa na buti nyeupe na glovu za chuma. Anasema watu wa Navunisea wako tisa, wanaimba pamoja Jumapili. Ile fomu aliijaza tena akiwa huko huko, siku yake ya mapumziko. Sikumwambia aijaze na sikumwambia asiijaze.

Jumapili iliyopita alipiga simu baada ya ibada. Vimla alikuwa jikoni kwangu, tunakaanga samaki.

"Mama, wamenijibu. Nimepita hatua ya kwanza. Wamenitumia tena ile ya mashine, nina siku tatu."

"Ukichaguliwa watakurudisha Suva?"

"Wanasema itategemea."

"Na mkataba wa kiwanda?"

"Nitauliza."

"Unachoka, mwanangu. Utaifanya kweli?"

Simu ikawa kimya. Nilisikia feni inazunguka kule kwake na mtu anacheka mbali. Nikangoja.

"Anasemaje?" Vimla akauliza.

"Amesema ndiyo."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Ameinua nyusi," nikamwambia. Kisha nikaisogeza simu mdomoni. "Kitione, mbele ya mashine lakini ufungue mdomo."